Shujaa Liyongo: Ni Nani Anayetufanya Tumpende?

Umewahi kumpenda mtu wa kitabuni ambaye kama angekuwa jirani yako hapa Bukura ungeshampeleka kwa chifu zamani? Mimi nimewahi, tena zaidi ya mara moja. Makala haya yanahusu mtu wa namna hiyo, na mwenyewe ni Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili ambaye kila anayesoma fasihi simulizi amekutana na jina lake. Sitazirudia sifa za shujaa wa mighani. Hizo tumezikariri kiasi kwamba hata tukiamshwa usiku tutazitaja: ana nguvu za ajabu, nguvu zake zina siri, husalitiwa na mtu wa karibu, hufa kifo cha kusikitisha. Mwalimu akiuliza, mikono yote juu. Swali langu ni jingine. Nataka tumwache Liyongo kidogo, tumtazame yule anayetusimulia habari zake. Kwa maana ni yeye, msimulizi, anayetushika mkono akatuonyesha pa kutazama, na asipotuonyesha sisi hatutazami.

Muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja kwamba Liyongo ni shujaa wa kuigwa. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Upande wa kuunga mkono ulishinda vibaya sana, hata kabla ya kura watu walikuwa wameanza kupiga meza. Nilipoyasoma tena maandishi yangu wakati wa prepu, niligundua kitu. Waliomsifu Liyongo wote walisimulia kisa: mmoja mkate, mwingine makoma, mwingine kifo. Waliompinga walitoa orodha: moja, ana majivuno, mbili, anatisha watu, tatu, alimwamini asiyefaa. Orodha ilikuwa na hoja nzuri, lakini kisa kiliimeza kama mamba anavyomeza bata. Ndipo nikaenda kutafuta visa vyenyewe vilivyoandikwa, nione vinafanyaje kazi hiyo.

Kwa faida ya ndugu zetu wa kidato cha kwanza, habari yenyewe ni hii kwa ufupi. Liyongo alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini ya nchi yetu, sehemu za Pate, Shaka na Ozi, kule Mto Tana unakoingia baharini. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani, ila huko Kipini watu huonyesha mahali wanaposema ndipo kaburi lake lilipo. Alikuwa jitu la mtu, hodari wa mshale, tena malenga. Mwendo wa siku nne yeye aliumaliza kwa siku moja. Sultani wa Pate akaingiwa na hofu kwamba huyu bwana atamnyang'anya kiti. Akawatuma Wasanye na Wadahalo wamwue kwa malipo. Wao wakamwalika kula makoma kwa zamu, kila mmoja siku yake apande juu awaangushie wenzake, nia yao zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa mtini. Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayaangua makoma kwa mishale. Baadaye alikamatwa akatiwa minyororo. Mama yake akaoka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake, kijakazi wao Saada akaupeleka, na usiku wa ngoma ya gungu, nyimbo zikivuma nje, Liyongo akakata minyororo akatoka. Mwisho sultani akamghilibu kijana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi cheo na binti wa kuoa. Kijana akamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumwua, akaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, akamchoma nayo akiwa usingizini. Liyongo akaamka na uchungu, akachukua uta wake, akaenda hadi karibu na kisima, akapiga goti akiwa ameuvuta mshale, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kusogea kwa siku kadhaa. Walidhani yu hai.

Haya basi. Wasimulizi wa kisa hiki ni wengi, lakini mimi nitachukua wawili tu.

Wa kwanza yumo katika kitabu Swahili Tales, kilichochapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmishonari Mwingereza ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Ni hadithi za Unguja zilizoandikwa kwa nathari, yaani lugha ya mjazo, jinsi zilivyosimuliwa na wenyeji. Wa pili ni Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyetunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Huyu mzee alikuwa fundi wa kila kitu: mshairi, mwandishi wa hati safi za Kiarabu, mchonga mbao, mwanamuziki. Utendi wake una beti zaidi ya 200, nao unapatikana katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu cha TUKI cha mwaka 1999. Baina ya wasimulizi hawa kuna miaka 43. Kuna pia bahari: mmoja anasimulia akiwa Unguja, mbali na nyumbani kwa Liyongo, mwingine anasimulia akiwa Lamu, ambapo ukipanda dau asubuhi Pate si mbali.

Angalia wanavyoanza. Msimulizi wa Unguja anatupeleka Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate ambao leo ni magofu. Anatuambia palikuwa na mtu mwenye nguvu jina lake Liyongo, naye alikuwa akiwaudhi watu sana. Watu wakachoka, wakapanga, wakamwendea nyumbani kwake wakamfunga. Akatoroka. Akawa sasa yuko nje ya mji akiendelea na mambo yale yale, hata watu wakawa hawawezi kwenda mashambani, hawawezi kukata kuni, hawawezi kuteka maji. Umesikia? Hapo mwanzoni hakuna sultani mwenye wivu. Wenye malalamiko ni watu wa kawaida wenye mashoka na mitungi.

Kwa Kijumwa mambo ni mengine kabisa. Tunamwona Liyongo kwanza kwa macho ya wageni. Wagala (leo tunawaita Waoromo) wamekuja Pate kwa shughuli zao, wanasikia sifa za mtu huyu, wanataka wamwone. Anapofika wanastaajabu, mpaka wanaomba wapate mbegu yake katika ukoo wao, na anapewa mke wa kwao. Kwa hiyo wakati sultani anaanza kumwogopa, sisi wasomaji tumeshakaa na wale wageni, vinywa wazi. Makosa ya Liyongo kwa watu wa mji hayatajwi. Sababu ya uadui ni moja tu, hofu ya mfalme kwa kiti chake. Mtu ni yule yule. Huku ana kosa, kule hana.

Yupi anasema kweli? Hapo mimi simo. Sisi ni wanafunzi wa fasihi, kazi ya upelelezi tuwaachie wenyewe. Linalonishangaza mimi ni jambo jingine, nalo ndilo kiini cha makala haya: hata msimulizi wa Unguja, aliyeanza kwa kutuambia wazi kwamba huyu mtu ni mtesi, anamaliza hadithi yake sisi tukiwa upande wa mtesi. Nimewasomea wenzangu wanne hadithi hiyo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Wote wanne mwishoni walimhurumia Liyongo. Nilipowauliza, "Na wale waliokuwa hawawezi kuteka maji?" wawili walisema, "Kwani kulikuwa na watu kama hao?"

Walikuwepo. Tatizo ni kwamba tuliambiwa habari zao, hatukuonyeshwa. Mateso ya watu wa Shanga yametajwa kwa sentensi chache tu za haraka. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Hakuna mama aliyerudi nyumbani na mtungi mtupu, hakuna mtoto aliyelia kiu. Ni "watu" tu. Lakini Liyongo akishaingia gerezani, msimulizi anapunguza mwendo. Anatuweka chini. Tunaona pingu, tunaona askari mlangoni wakibadilishana zamu, tunasikia nyimbo zinazotoka kila usiku mpya, na watu wa mji wale wale aliowaudhi wanakuja kusikiliza na kupendezwa. Halafu siku moja kijakazi analeta chakula, askari wanakinyakua, wanakila, wanamwachia makombo. Liyongo anayapokea makombo yale, anakula, anamshukuru Mungu.

Hapo mchezo umeisha. Mtu anayekula makombo na kushukuru utamchukiaje? Nani atakumbuka kuni na maji ya ukurasa uliopita?

Wale mliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, mtakumbuka hotuba mbili juu ya maiti moja. Bruto anawaeleza Warumi sababu za kumwua Kaizari, na sababu zake zina mantiki, nao wanamshangilia. Antonio naye anashika joho la marehemu, anawaonyesha tundu moja moja panga zilipopita, na mji mzima unageuka. Bruto alieleza. Antonio alionyesha. Waliompinga Liyongo katika mjadala wetu walikuwa akina Bruto, wakashindwa kama Bruto.

Nitatoa mfano wa karibu zaidi, na sitataja jina, kwa hiyo asinishtaki mtu. Wakati mimi nikiwa mono, palikuwa na mchezaji mmoja katika shule niliyosoma ambaye akigusa mpira hata wapishi walitoka jikoni. Mabao yake tunayajua wote kwa sababu yalisimuliwa: dakika ngapi zilikuwa zimebaki, mvua ilikuwa inanyesha vipi, beki wa pili alianguka upande gani. Mchezaji huyo huyo alikuwa akipita kwenye bweni letu kila Jumapili jioni kuchukua "ushuru" wa mkate. Jambo hilo pia lilijulikana. Lakini lilijulikana kwa sentensi moja tu, "anasumbuasumbua wadogo", kisha watu wanacheka wanarudi kwenye bao la dakika ya mwisho. Rafiki yangu mmoja alilala njaa Jumapili nyingi, na hakuna aliyewahi kusimulia Jumapili hata moja kati ya hizo. Ajabu yake, sisi sisi tulioporwa mikate ndio tunaowakasirikia sana wale askari waliokula chakula cha Liyongo! Tuliwaona wakikila, ndiyo sababu.

Sasa tuje kwenye tupa ndani ya mkate, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hila kubwa kuliko zote, na hapa nasema hila ya msimulizi, ile ya mama Liyongo ni nyingine. Wahakiki hupenda kuiita taharuki. Sawa, ni taharuki, lakini inafanya zaidi ya kututia hamu. Hebu fikiri: ni nani wanaojua kwamba katika ule mkate wa wishwa mna kitu? Liyongo, mama yake, kijakazi aliyepeleka maneno, na sisi. Askari hawajui. Mfalme hajui. Mji mzima unaocheza ngoma haujui. Msimulizi ametunong'oneza siri, na ukishanong'onezwa siri ya mtu wewe ni mwenzake. Askari wanapoukataa mkate kwa sababu ni wa wishwa, chakula cha maskini, tunashusha pumzi kana kwamba shingo zetu ndizo zilizokuwa hatarini. Tangu hapo hatuwezi tena kuwa mahakimu wa Liyongo. Nani amewahi kuona hakimu aliyemsaidia mshtakiwa kutoroka?

Na kijakazi je? Samahani, nazungumza nje ya mstari kidogo, lakini jambo hili linanikera. Saada ndiye aliyebeba tupa mikononi mwake mbele ya askari wenye silaha. Kama mmoja wao angeuvunja mkate kwa udadisi, wa kwanza kufa angekuwa nani? Si Liyongo, yeye yuko ndani amefungwa tayari. Si mama, ni bibi mkubwa. Lakini ushujaa wa siku ile umeandikwa kwa jina la bwana. Saada anatumwa, anafika, kazi yake ikiisha hatumsikii tena. Msimulizi hakumtukana wala kumdharau. Hakumgeukia, basi, ikatosha. Nimeona katika makala za miaka ya nyuma katika jarida hili wanachama wakiandika juu ya "nafasi ya mwanamke" katika utendi huu, wakamsifu mama. Mama anastahili. Ila aliyetembea njia ile ni Saada.

Turudi kwa Liyongo. Kosa lake kubwa ambalo hata wapenzi wake wanalikubali ni kumwambia mwanawe siri. Mtu mwerevu aliyegundua njama ya makoma akiwa amesimama chini ya mti, anashindwaje kugundua swali la kitoto kama lile? Hapa tuna jirani wa kumlinganisha naye, nasi watu wa magharibi tunamjua bila kufundishwa: Luanda Magere wa Waluo, wa kule Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na siri yake ilikuwa kivuli. Alimwoa mwanamke wa maadui zake ingawa alionywa, akaugua, akamwambia mke huyo amchanje dawa kwenye kivuli. Jiwe lake lipo hadi leo katika uwanda wa Kano. Simulizi ya Luanda Magere, kama nilivyoisikia mimi, ina ukali: alionywa, hakusikia, akafa. Msikilizaji anamlilia lakini pia anatikisa kichwa.

Kijumwa hataki tutikise kichwa. Katika utendi, Liyongo anahisi kabisa kwamba kijana ametumwa na watu, na bado anamjibu. Tazama kazi aliyoifanya msimulizi hapo. Kile ambacho kwa mwingine kingekuwa ujinga, hapa kimekuwa kitu kingine, sijui nikiite nini, labda uchovu, labda mapenzi ya mzazi ambaye hataki kumwambia mwanawe uso kwa uso kwamba ni msaliti. Kosa limebaki pale pale, matokeo yamebaki pale pale. Kilichoongezwa ni kwamba yeye alijua. Na mtu anayetembea kwenda kwenye mauti yake huku anajua, hatumwiti mjinga. Kama mnataka kuona jinsi neno dogo la msimulizi linavyoweza kugeuza dosari kuwa heshima, someni sehemu hiyo polepole, ni bora kuliko maelezo yangu.

Mtu asidhani kwamba kila msimulizi hutaka tumpende mkubwa. Said Ahmed Mohamed katika riwaya ya Utengano ya mwaka 1980 alifanya kinyume. Bwana Maksuudi ni mtu mwenye mali, mwanasiasa, anaheshimiwa na watu huko nje, na kama tungemfuata yeye kwenye mikutano yake pengine tungepiga makofi pamoja na wengine. Lakini mwandishi anatuingiza nyumbani mwake mapema, mle ambamo mkewe Tamima na bintiye Maimuna wamefungiwa kama kuku. Tukishakaa ndani ya nyumba ile, makofi ya nje tunayasikia vingine. Ukiniuliza tofauti ya Maksuudi na Liyongo wa Shanga iko wapi, nitakujibu kwamba sehemu yake kubwa iko katika mlango tulioingilia. Kwa Maksuudi tulifunguliwa mlango wa walioonewa. Kwa Liyongo tulifunguliwa mlango wa gereza.

Na sasa kisima. Nimekiacha mwisho kwa makusudi, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Kisima kinatokea mara mbili katika kisa cha Steere. Mwanzoni watu hawawezi kuteka maji kwa kumwogopa Liyongo aliye hai. Mwishoni watu hawawezi kuteka maji kwa kumwogopa Liyongo aliyekufa. Maji ni yale yale, hofu ni ile ile, na kiu, nadhani, ni ile ile. Lakini mara ya kwanza tunaambiwa kwamba huo ni uonevu, na mara ya pili sote tunasema, "Lo! Mwanamume! Hata maiti yake inatisha!" Mimi mwenyewe kila nikifika pale nywele hunisimama. Picha ya mtu aliyepiga goti na uta mkononi, jua likichomoza na kutua, hakuna anayethubutu kumkaribia, ni picha tamu mno. Msimulizi ametusimamisha mbali kidogo, tukiitazama sanamu ile kutoka mbele. Kama angetusimamisha hatua ishirini nyuma, katikati ya wanawake wenye mitungi, tungeona nini?

Nasema wanawake kwa sababu nawajua. Nyumbani kwetu maji hutoka chemchemini, chini ya mteremko, na wabebaji ni mama, dada zangu na mimi. Njia ya kwenda huko inapita kando ya boma la bwana mmoja ambaye ukienda kwenye harambee yoyote utasikia akisifiwa. Na sifa zenyewe si za uongo. Amesomesha watoto wa watu, amewahi kutoa gari lake kupeleka wagonjwa hospitalini usiku. Akifa, Mungu amweke, mazishi yake yatasimuliwa miaka kumi. Sisi tuliobeba madumu tunamjua kwa mbwa. Ana mbwa wanne na hawafungi. Kuna mama mmoja aliyeumwa mguu, tangu hapo hupita njia ya mbali, ya mawe, karibu nusu saa zaidi na dumu la lita 20 kichwani. Hadithi ya gari la wagonjwa ina mwanzo, kati na mwisho. Nimeisikia mara nyingi, nami naipenda. Hadithi ya mama yule haina msimulizi. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia tu, "Ah, mbwa," kisha anabadilisha mazungumzo.

Je, bwana huyo ni mtu mbaya? Sijui nijibu vipi, na nashuku kwamba watu wa Shanga nao wangeshindwa kujibu kwa neno moja. Walimfunga Liyongo kwa kuwa aliwaudhi, halafu usiku wakaja dirishani kusikiliza nyimbo zake. Ndiyo maana sikubaliani na waliosema katika mjadala kwamba tuache kumsoma kama shujaa, wala sikubaliani na waliosema hana doa. Mimi nampenda. Nilipomaliza kusoma sehemu ya sindano niliweka kitabu chini nikaenda kusimama nje ya bweni kwa muda. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi anayeandika insha juu yake asitosheke na kusema "Liyongo ni jasiri, Liyongo ni mwerevu". Aulize pia: nimejulia wapi? Nilikuwa nimesimamishwa wapi na nani nilipoyaona haya? Nani yuko karibu lakini hajapewa ulimi? Sijui watahini wana alama ngapi za maswali hayo. Pengine hawana hata moja.

Mwalimu mlezi wetu ameniomba makala ya somo yasikose zoezi, kwa hiyo hili hapa. Chukua zile siku ambazo Liyongo amepiga goti kisimani. Ziandike upya katika nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa mtu aliyekuja kuteka maji siku ya tatu na mtungi mtupu. Anaweza kuwa mzee, anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa Saada, ukitaka. Usibadilishe tukio lolote: Liyongo apige goti vile vile, uta uwe mkononi vile vile, mama yake aje kumsihi vile vile, na asiwepo mtu wa kutoa hotuba. Usimtukane Liyongo wala usimsifu. Eleza tu ulichokiona kutoka pale uliposimama, mlikunywa nini siku hizo, na mlizungumza nini katika foleni. Kurasa mbili zinatosha. Wapeni makatibu wa vidato kabla ya wiki ya mitihani, na zitakazofaa tutazibandika kwenye ubao wa chama pale nje ya maktaba.